Krismasi ya kwanza na huyu mdogo

Jamani, mwaka huu tumepanda basi la Moshi tukiwa watano. Huyo wa tano ana miaka miwili na ushee, yuko kwetu kwa malezi ya kambo (si wa kumzaa, tunamlea kwa muda) tangu Septemba. Ruhusa ya kusafiri naye tuliomba kwa afisa ustawi wa jamii. Picha siweki, msinisumbue inboksi.

Nilihofia usiku wa ugenini. Kumbe shida ni mchana: uani watu wamejaa, mbuzi analia, kila shangazi anataka kumbeba. Alining'ang'ania kitenge mpaka mlangoni mwa choo! Mama mkwe akawafukuza wote, akampakata jikoni kimya kimya karibu na sufuria ya mtori, akampa mwiko achezee.

Usiku natandika kitanda, nakuta chini ya mto vipande vitatu vya chapati na mfupa. Bado anaweka akiba. Baba watoto akataka kuvitoa, nikamwambia viache, nikaongeza na ndizi mbivu.

Leo asubuhi kaamka, kavigusagusa kimoja kimoja, kipande kimoja kampelekea kuku. Vingine karudisha chini ya mto.