Mkate wa iliki wa asubuhi ya Krismasi, kwa jiko la mkaa

Kazi ya mkate wa Krismasi haiko kwenye kukanda, iko kwenye saa. Mkate wa hamira unataka uumuke, ukandwe kidogo, uumuke tena, ndipo uokwe. Ukianza alfajiri hapa Iringa utaukosa ama mkate ama ibada, na mkirudi kanisani nyumba nzima macho yako kwenye pilau. Mkate nani ataula? Kwa hiyo kazi kubwa nimeuachia usiku wa mkesha, na tangu hapo sina presha.

Mkate wenyewe unaitwa julekake, ni mkate wa Krismasi wa Wanorwei. Ulinifikia kwa njia ya kanisa. Dayosisi yetu ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina ushirikiano na Walutheri wa Saint Paul, Minnesota, ule wa Bega kwa Bega, na Minnesota imejaa wajukuu na vitukuu vya wahamiaji kutoka Norwei. Bibi mmoja aliyekuja usharikani na wageni wenzake alikunywa chai yangu ya iliki, akanusa kikombe, akasema kinanukia Krismasi ya kwao. Nilishangaa. Kumbe watu wa kule kwenye theluji, ambako iliki haioti hata kwa dawa, ndio wanaoimwaga kwenye mikate ya sikukuu. Aliniandikia mapishi nyuma ya ratiba ya ibada, yakiwa na vikombe vya Kimarekani na oveni ambayo mimi sina.

Nilivyoyageuza ni hivi: unga wa ngano kilo 1, maziwa nusu lita yaliyochemshwa yakabaki vuguvugu, siagi gramu 150, sukari gramu 150, yai moja, kijiko cha chai cha chumvi, zabibu kavu za kujaza viganja viwili. Wao hutia pia matunda yaliyokaushwa kwa sukari. Mimi nachukua maganda ya chungwa, nayachemsha na kumwaga maji mara mbili uchungu upungue, kisha nayapika na sukari mpaka yang'ae, nayakatakata. Hamira ni kijiko kimoja cha chai tu, kilichopigwa mfuto. Atakayekwambia haitoshi anafikiria mkate wa kuumuka kwa saa mbili tu. Huu una usiku mzima.

Kwenye iliki sina mjadala. Sinunui ya unga. Ikishasagwa harufu inaanza kuondoka, na hujui pakiti imekaa dukani tangu lini. Nanunua nzima sokoni, punje za kijani zilizojaa, na kabla ya kulipa napasua moja: mbegu ziwe nyeusi na zenye unyevunyevu kidogo, zinazonata kwenye kucha. Zikiwa kahawia na kavu kama mchanga, namrudishia mwenye nazo kwa heshima. Nyumbani natoa mbegu, maganda yanaenda kwenye birika la chai. Mbegu nazitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko cha sukari, maana sukari inazikwaruza na kuzizuia zisirukeruke. Naziacha na chenga kidogo, usilainishe mpaka ziwe poda. Raha yake ni kuikuta mbegu chini ya jino. Vijiko viwili vya chai kwa kilo moja ya unga. Mdalasini naweka ncha ya kijiko, na karafuu siweki kabisa, kwa sababu karafuu ikiingia inataka itawale peke yake.

Saa tatu usiku nakanda. Kwanza unga, maziwa, yai, sukari, chumvi, iliki na hamira. Siagi inaingia kidogokidogo donge likishashikana, zabibu na maganda mwishoni. Nakanda mpaka kipande nikikivuta kinakuwa chembamba cha kupitisha mwanga bila kukatika. Halafu sufuria kubwa, mfuniko, kanga juu, sakafuni jikoni. Usiku wa Desemba hapa si baridi ile ya Juni, lakini una ubaridi wa kutosha kuifanya hamira itembee polepole, na mkate ulioumuka polepole una ladha zaidi. Sufuria lisijae kupita nusu: mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na donge linatanuka kuliko unavyotegemea. Wifi yangu wa Dar huliweka kwenye friji, la sivyo kwa joto lile angeamka na donge linalonuka pombe. Wa Njombe na Makete wao walisogeze karibu na jiko lenye majivu ya moto.

Baba mkwe, kila Desemba ulanzi, ile pombe ya mianzi, unapoanza kushuka, huniuliza kwa nini nanunua hamira dukani wakati yeye ana inayochemka yenyewe kwenye dumu. Hoja anayo, watu wa pwani huumua vitumbua kwa tembo la mnazi. Ila ulanzi wa baba haujawahi kubaki mpaka saa tatu usiku.

Saa kumi na moja alfajiri nabonyeza donge litoe hewa, naliviringa, nalitia kwenye sufuria iliyopakwa siagi, nalipumzisha karibu na jiko wakati mkaa unashika. Baada ya kama saa moja limevimba. Sufuria hiyo naiweka ndani ya kubwa yenye mchanga mkavu ambao umeshapata moto, nafunika kwa mfuniko wa bati, na juu yake makaa. Siri yote iko hapo: chini makaa machache yaliyokwisha kuvaa majivu, juu mengi. Ukigeuza, kitako kinaungua na katikati pabichi. Sifunui kabla ya nusu saa, hata watoto waseme nini. Dakika arobaini hivi, nachoma kijiti kitoke kikavu, nautoa na kuugonga kitako. Ukilia kama debe tupu, umeiva.

Usiukate ukiwa wa moto, utagandamana. Muda wa kuogesha watoto na kutafuta soksi iliyopotea unatosha kabisa. Wanorwei huula na siagi na jibini yao ya kahawia yenye utamu. Sisi ni siagi tu, chai ya maziwa, na ibada ya saa mbili tunaiwahi. Mama mkwe, ambaye kwake sikukuu bila chapati si sikukuu, mwaka jana alimaliza vipande vitatu ndipo akasema, "Mzuri, mwanangu, lakini hizi zabibu umezimwaga kama za kuokota." Nimezipunguza za kwenye kipande chake.

Ukibaki mpaka tarehe 26, unakauka haraka. Kata vipande, chovya kwenye yai na maziwa, kaanga.