Sisafishi nyota: siku moja ya kazi yangu Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Juni ya Mbeya, ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha. Kabla hata ya kuwasha jiko nafungua mlango na kuangalia juu. Upande wa mlima Loleza hakuna wingu. Basi leo kuna kazi.

Kazi yenyewe ni kuwaonyesha watu nyota kwa darubini. Shule zinaniita, mara mojamoja kanisa au kikundi cha vijana, na kila anayeangalia analipa kidogo. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuchelewa kuondoka, kwa hiyo pesa ya nyota naitafuta kiangazi. Miezi mingine nakula steshenari.

Saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri: steshenari, Mwanjelwa. Kopi, kuchapa barua za maombi, umeme kukatika, umeme kurudi.

Saa 9:30 niko kwenye daladala ya Uyole. Darubini yangu ni ya mtumba, kioo chake kina upana wa milimita 114, nimeizungushia blanketi na kuitia kwenye kiroba cha viazi maana kiroba hakimshtui mwizi. Konda anasema mzigo ule unalipiwa siti. Nalipa. Anauliza ni kitu gani, namwambia ni darubini ya kuangalia nyota, na abiria wa nyuma anadakia: "Aa, kumbe mtabiri!"

Hilo nalisikia kila wiki. Kwetu ukitaja nyota, mtu anafikiria vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme: kusafisha nyota, kurudisha mpenzi, kuvuta wateja. Mimi sijui nyota ya mtu. Ninazozijua ni zile zilizoko juu.

Saa 11 jioni nafika shuleni, nasimika miguu mitatu nyuma ya bweni, mbali na taa. Jua linazama mnamo saa 12 na nusu. Wanafunzi wa kidato cha pili ni 86, wamejifunga mashuka juu ya masweta.

Saa 2 usiku giza limekamilika. Kwanza nawaonyesha kwa kidole. Kusini ule pale Msalaba, kundi la nyota ambalo mabaharia wa pwani waliliita Salibu. Kushoto kwake kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo ya leo: Rijili Kantori, jina lililotoka kwa Waarabu, maana yake mguu wa Kantori, kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu farasi. Vitabu vingi vinaiita Alpha Centauri. Ukiacha Jua, ni ya tatu kwa mng'ao angani kote. Aliyezaliwa London na asitoke kwao anazeeka hajaiona, maana huko haichomozi kabisa. Hapa Uyole unaiona ukitoka kwenda chooni.

Kwa macho ni moja. Ndani ya darubini ni mbili, ya manjano na nyingine ndogo yenye rangi kama ya chungwa, zinazungukana kwa karibu miaka 80. Hapo kila mtoto anatoa sauti yake, na sauti hiyo ndiyo inayonifanya nibebe kiroba.

Nawaambia ziko kilomita trilioni 41. Basi la kwenda Dar likikimbia kilomita 80 kwa saa bila kusimama hata Makambako, litatumia zaidi ya miaka milioni 58. Nuru yenyewe inatumia miaka minne na miezi kadhaa, yaani hii unayoiona imetoka huko wakati uko darasa la tano. Binti mmoja akafikiri, akasema: "Kwa hiyo mwalimu, aliyeko kule akiniangalia sasa hivi ananiona niko darasa la tano?" Ndiyo, mwanangu. Ndiyo kabisa.

Saa 3 na kitu likaingia gari na taa kali zimewashwa, moja kwa moja usoni petu. Jicho likishazoea giza, taa moja inalirudisha nyuma, na unahitaji kama dakika 20 kulizoesha tena. Akashuka bwana mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mpunga, kasikia kuna dada anaangalia nyota. Nikamwomba azime taa. Akazima baada ya kuombwa mara tatu.

"Dada, niangalizie yangu. Mwaka wa pili huu biashara imekufa."

Nikamwambia, kaka yangu, sipigi ramli. Akacheka, akatoa noti tano za elfu kumi, akasema anajua huwa mnajificha. Elfu hamsini! Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku nne. Nikairudisha mikononi mwake. Nikamwambia apange foleni, aangalie kwa bei ya kila mtu. Hakupanga. Alipita mbele ya watoto waliosimama na baridi saa nzima, akainamia darubini, akaishika kama anashika usukani. Nyota ikatoka.

Darubini yangu haina mota. Dunia inazunguka, kwa hiyo kila baada ya dakika moja hivi nyota inateleza na mimi naifuata kwa mkono. Nikamtafutia tena.

"Mbona mbili? Yangu ipi?"

Hakuna ya kwako, nikamjibu, hizi ni jua mbili kama jua letu. Akauliza basi ni ipi ya mkewe. Nikaeleza tena. Akasema nimemficha kwa sababu pesa ni ndogo, akageuka kwa hasira na goti lake likapiga mguu wa darubini. Kila nilichokuwa nimekilenga kikapotea, na kioo cha kulengea kikapinda. Aliondoka hajalipa, na taa akaziwasha tena.

Sikuangalia saa baada ya hapo. Nilipiga magoti kwenye umande, vidole vimekufa ganzi, nikalenga upya, na waliobaki wakaangalia wote hadi wa mwisho. Mgongo ulikuwa unawaka.

Nafunga kiroba, mlinzi wa shule akaja na rungu lake. Shikamoo baba. Akaomba naye aone. Nikafungua tena kila kitu.

Aliangalia muda mrefu.

"Nyota hii ndiyo saa yangu," akasema. "Juni hivi ikizama najua alfajiri imekaribia. Miaka yote naiona moja."

Nikamwambia ziko tatu. Ya tatu inaitwa Proxima, nyekundu, hafifu mno kuonekana kwa macho matupu, na ndiyo nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu. Robert Innes aliigundua akiwa Johannesburg mwaka 1915, huku huku Afrika. Na mwaka 2016 wataalamu walitangaza kuwa ina sayari.

"Iko upande gani?"

Nikamwonyesha pale penye weusi mtupu, pembeni ya ile kubwa.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaendelea kupaangalia.