Kuna mtu anakoroma darini

Usiku wa kwanza binti yangu, ana miaka sita, alikuja chumbani kwangu akaniambia mama kuna mtu anakoroma juu. Nikamwambia rudi ulale, ni upepo tu. Usiku wa pili nikaenda kulala naye na kweli jamani, darini kuna kitu kinakoroma, khrrr, kinanyamaza, kinaanza tena. Dada wa kazi akasema yeye chumba kile haingii mpaka aje shehe kusoma dua.

Nikaita fundi. Akapanda na tochi, akachungulia, akashuka mbio. "Dada huyo ni bundi, tena ana watoto. Nipe mafuta ya taa niwamalize sa hivi kabla hamjapata msiba." Na binti yangu kasimama palepale, macho yote kwangu anasubiri nitajibu nini.

Moyo ulinidunda, sifichi. Nimekulia kijijini kwa bibi, Muheza, na bundi akilia pale tulikuwa tunatupa chumvi kwenye moto. Babu alipougua bundi alilia kwenye mwembe siku tatu mfululizo, ya nne babu akafariki, na hiyo hesabu nimetembea nayo mpaka nimekuwa mtu mzima. Sasa nimesimama chini ya ngazi ndio najiuliza, hivi yule bundi si alikuwa analia kila siku sie tumelala? Nyumba yenye mgonjwa watu wanakesha, wanasikia kila kitu, kwa hiyo siku tatu zile ndizo tulizomsikia, na lawama akabeba yeye.

Na kuna kingine kinaniuma zaidi. Mdogo wangu alipata degedege akiwa na miaka miwili. Wazee wakasema ni dege, ndege wa usiku kampitia, na hospitali asipelekwe maana akichomwa sindano atakufa. Ikapigwa manyanga kwanza. Kumbe ilikuwa malaria imepanda kichwani, akafikishwa hospitali amechelewa, alipona ila sikio moja halisikii mpaka leo. Ndo maana mtu akiniambia hizi ni hadithi tu za kuwatisha watoto walale, mimi siwezi kucheka naye.

Nikamwambia fundi acha, usiguse kitu, nikamlipa hela yake akaondoka.

Jioni nikakaa na binti yangu barazani nikamweleza kila ninachojua. Kwamba kile sio kukoroma, ni makinda yanadai chakula. Kwamba mama yao hataagi mayai yote siku moja na anaanza kuatamia lile la kwanza, kwa hiyo watoto wanaanguliwa kwa kupishana, ukiwapanga wanakuwa kama ngazi, mkubwa mpaka kadogo (hapo alicheka sana). Kwamba sikio moja la bundi huyu limekaa juu kuliko lingine, ndo anajua panya yuko wapi hata kwenye giza totoro, na manyoya yake ni laini akiruka humsikii. Tukajaribu, akafumba macho mimi nikachezesha funguo, anyooshe kidole zinakolia, akapatia mara nyingi tu.

Lakini kilichomgeuza kabisa ni yale matonge. Bundi anameza panya mzima mzima, halafu manyoya na mifupa tumbo linashindwa kusaga, anavitapika vimebanana kama kidole gumba cheusi. Chini ya lile tundu la ukutani yalikuwa mengi. Tukavaa glavu, tukaloweka moja kwenye kopo la maji ya uvuguvugu tukalifumua taratibu na vijiti vya meno, likatoka fuvu la panya na meno yake ya njano, mbavu nyembamba kama uzi, halafu fuvu la pili! Tonge moja panya wawili. Wale wale wanaofukua mbegu za mahindi shambani na kututobolea magunia stoo. Dada alikuwa anatuangalia kwa mbali mlangoni, fuvu la pili lilipotoka akasogea, akauliza, "Kwa hiyo hawa ndo walikuwa wanakula mchele wetu?"

Mnakumbuka 2018 bundi alipoonekana ndani ya ukumbi wa Bunge Dodoma? Spika wa wakati ule, Job Ndugai, aliwatoa wabunge hofu kwamba kwa mila za Dodoma bundi akionekana mchana hana madhara. Nilifurahi aliwatuliza watu, ila wa usiku je? Usiku ndo muda wake wa kazi, maskini, na mtoto akisikia hivyo anabaki na hofu ile ile.

Mimi simkatazi binti yangu kuogopa. Nge nimemwambia amuogope, na nyoka asimguse hata kama anaonekana amekufa. Ninachotaka ajue anaogopa nini na kwa sababu gani.

Juzi kukawa kimya. Fundi akapiga simu anauliza aje lini kuziba tundu, nikamuuliza binti yangu, akasema tuangalie kwanza kama hakuna aliyebaki. Tukapanda na tochi wawili sisi, manyoya tu na matonge, yule kadogo wa mwisho naye kaondoka. Dada ndiye aliyetushikia ngazi.