"Hard" moja, Kituruki kibao

Wasee wa Kisumu mnaojifunza Kituruki, msikimbilie kamusi mkiona "hard", angalieni kwanza inaongelea nini. Jiwe ni sert, mtihani ni zor, na hapo ndio wengi wanateleza juu kwetu zote ni -gumu tu. Hata yale maji ya kisima yanakataa kutoa povu ukifua ni sert su. Alafu yai boilo la pale steji, limeiva mpaka ndani, ni katı (hiyo ı haina nukta, usiiweke), na sheria kali pia ni katı, hii naipenda sana aki. Mtu wa bidii, yaani "hardworking", ni çalışkan. Na maneno haya hayabadiliki, zor sınav (mtihani mgumu), zor sorular (maswali magumu), hakuna mambo ya ngeli kabisa.