Kabanga wa Nani?

Basi letu la Lubumbashi liliondoka Kolwezi, kusini mwa Kongo, alfajiri. Kilometa 300 hivi, lakini barabara ni ya malori ya shaba na kobalti. Sisi wengine tunapita wakitupisha. Baada ya Likasi nilisinzia, nikaamshwa na kelele za abiria: dohani la Lubumbashi lile, na kando yake mlima mweusi wa masalia ya tanuri.

Nilikuja kuuliza jina moja tu, langu: Kabanga. Kolwezi nawajua akina Kabanga watano, wala hatuna undugu.

Nilianza na ofisi moja yenye mafaili ya wafanyakazi wa zamani. Rudi kesho. Kesho yake, mwenye ufunguo kasafiri. Nikapanda teksi hadi Kenya (komini ya hapa, si ile nchi) kwa shangazi yangu.

“Karibu, Baba.” Amepita miaka 80, ananiita Baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Kwanza tukala bukari, yaani ugali, na bitoyo, samaki wakavu. Kwake hakuna habari za wazee kwa tumbo tupu. Ndipo akaleta sanduku la bati, na ndani yake kitabu cha kazi cha babu, cha Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni. Namba yake imeandikwa kubwa kuliko jina. Mahali pa kuzaliwa: Mwene-Ditu, kule Kasai.

Kumbe alikuja kwa treni. Mwanzoni kampuni ilichota watu Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, lakini reli ya kutoka Bukama ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, vijana wa Kasai walipata njia ya kushukia migodini. Babu alikuwa mmoja wao, akavutwa na mposho na nyumba ya kambini.

“Na Kabanga ni ukoo gani?” nikauliza.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. “Ile haiko jina ya ukoo, Baba. Iko jina ya pasa.”

Kwa Waluba wa Kasai, pacha wa kwanza ni Mbuyi, wa pili Kabanga, na anayezaliwa baada yao ni Kanku. Karani wa kampuni aliuliza jina, akaandika alichojibiwa. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipofuta majina ya Kizungu, baba yangu alimtupa Joseph, Kabanga akabaki mbele. Hivyo mimi, niliyezaliwa peke yangu, natembea na jina la pacha.

“Na Mbuyi?”

Akanyamaza kidogo. Mbuyi alibaki Mwene-Ditu, akasema. Babu kila aliponunua shati alinunua mawili, moja akalipeleka stesheni, ampe yeyote anayeelekea Kasai. Shangazi hajui kama yalifika.

Nikamuuliza treni ya Mwene-Ditu inatoka siku gani.

“Treni?” Akaanza kukusanya sahani. “Ile inatoka siku yenye inataka. Beba shati.”