Tofali za Rungwe

Jumamosi iliyopita nilipanda haisi hapa Mbeya kwenda upande wa Tukuyu, nikashuka njiani nikachukua boda mpaka Rungwe misheni, mvua ya kule mnaijua, nilifika soksi zimelowa. Ila ukishaona yale majengo ya tofali za kuchoma yamekaa chini ya mlima unasahau baridi yote.

Wamoravian, hawa ni Waprotestanti, walifika hapa toka Ujerumani mwaka 1891. Mimi nimekulia Katoliki kwahiyo nimezoea sanamu, mishumaa, rangi, kanisa la Kimoravian mara ya kwanza nililiona tupu kabisa. Sasa hivi ule utupu naupenda. Macho hayana pa kukimbilia, unaangalia Mwanakondoo wao aliyebeba bendera (ndo nembo yao, maneno yake yanasema Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate) halafu unaanza kuangalia ukuta.

Na ukuta ndo ulionileta. Fikiria kufyatua tofali Rungwe, sehemu ambayo mvua inanyesha karibu mwaka mzima, kiangazi ni miezi michache tu, hapo uchimbe udongo, uukanyage kwa miguu, utie kwenye kalibu, uanike, upange tanuri, ukate kuni, uchome siku kadhaa, na mvua ikiwahi kabla hujachoma basi yote yamerudi kuwa tope. Vitabu vinataja wamisionari, lakini mikono iliyofanya hiyo kazi ni ya Wanyakyusa na majina yao hayapo popote ukutani. Huwa inaniuma sana hii.

Mzee mmoja alinikuta nimeshika kona ya jengo akanisalimia, ugonile, nikaitika, nikamwambia tata (yaani baba) nashangaa tu hizi tofali. Akasema shangaa taratibu, hazikimbii.

Kinachonitisha ni plasta. Kanisa nililobatizwa, parokia ya zamani tu kijijini, sitalitaja, walilipiga plasta ya sementi lote nje na ndani wakapaka rangi ya krimu, wakasema limekuwa la kisasa. Jamani tofali la kuchoma linanyonya maji na linayatoa, na majengo ya zamani mengi yamejengewa udongo au chokaa ambayo ni laini, inapumua. Ukifunika na sementi maji yanayopanda toka chini hayana pa kutokea, yanakaa humohumo ndani ya ukuta, baada ya miaka rangi inavimba, plasta inabanduka na inaondoka na uso wa tofali. Pale kwetu imeshaanza kubanduka upande wa sakristia, kile chumba padri anachovalia. Kama mna hela ya ukarabati zibeni bati linalovuja kwanza, chimbeni mtaro maji yasisimame kwenye msingi, ukuta uacheni.

Next nataka kwenda misheni ya Katoliki ya Tosamaganga kule Iringa, watawa Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha halafu wamisionari Wakonsolata wa Italia wakapokea, nataka nione Mtaliano alijengaje kwenye udongo wa Wahehe. Ila kwanza mwezi wa nane narudi Rungwe, yule mzee kaniambia wajukuu zake watakuwa wanachoma tanuri, nikalale nao nilinde moto.