Jinsi Nilivyotatua Kukwama kwa Injini Baada ya Kubadilisha Kabureta

Pikipiki yangu ya magurudumu manne, yenye injini ya cc 200, niliifungia kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya milimita 26 badala ya ile ya awali ya 22, na papo hapo nikaondoa boksi la chujio la hewa na kuweka chujio la sponji lililo wazi. Nilitarajia nguvu, nilichopata ni injini iliyosita kila nilipovuta mafuta na kupiga milipuko kwenye ekzosi, hasa katika mchanga wa ufukwe wa Paje, Zanzibar.

Nilipofungua plagi, ile inayotoa cheche kwenye injini, ncha yake ilikuwa nyeupe kama chokaa, dalili kwamba hewa imezidi petroli. Nilivuta choki, inayopunguza hewa, nusu nikiwa mwendoni, injini ikatulia. Kabla ya kugusa jeti, vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, nilipulizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira unaoiunganisha na injini, ambayo ilikuwa ikinguruma lakini bado haijapata moto. Mlio ukabadilika, nikaona kwenye mpira ufa mwembamba kama unywele, unaoingiza hewa. Fundi alikuwa amekaza klempu kupita kiasi, nami nilisimama pembeni nikimsifu.

Baada ya kubadilisha mpira, nilipandisha jeti kuu kutoka 105 hadi 115, kisha nikashusha kibanio cha sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano inyanyuke na petroli ipite zaidi mkono wa mafuta ukiwa nusu. Jeti ya 120 niliijaribu pia, lakini plagi ilitoka na masizi, dalili kwamba petroli imezidi. Kwa 115 plagi imekuwa ya kahawia, rangi inayotakiwa, na mchangani injini haisiti tena.